Nani anapokelewa katika nyumba ya Simba?

Katika uwanja wa kanisa letu, baada ya ibada, watoto wa Ekodim wana mchezo mpya. Mmoja anapanda juu ya rundo la mawe ya volkano na kunguruma: huyo ni Mufasa. Mwingine ni Taka, mwingine Sarabi, na aliye mdogo kuliko wote anakuwa Zazu, anakimbia huku na huku akipiga kelele. Hakuna anayetaka kuwa fisi. Kwa hiyo fisi wanachaguliwa, na kwa majuma kadhaa niliona kwamba wanaochaguliwa ni wale wale: watoto waliofika mwisho, ambao wazazi wao walikimbia vita na wangali wanalala katika vyumba vya darasa nyuma ya kanisa.

Mchezo huu umetoka katika sinema "Mufasa", iliyotolewa na kampuni ya Disney ya Marekani mwezi wa kumi na mbili 2024. Wiki chache baadaye, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, Goma iliingia mikononi mwa M23, na katikati ya mwezi wa pili ikafuata Bukavu. Benki zilifunga milango, kambi za wakimbizi zilizouzunguka mji wa Goma zikavunjwa, lakini sinema iliendelea kusafiri kwa njia tunazozijua sote: kadi ya memori, flashi, kijana mwenye kompyuta kando ya barabara anayepakia sinema kwa franka chache. Watoto kumi wanaitazama juu ya simu moja, kwa Kifaransa, na aliyeitazama mara nyingi anawatafsiria wengine.

Mchungaji mmoja rafiki yangu aliniuliza kwa nini nipoteze wakati kuandika juu ya sinema ya wanyama wakati huu, watu wanapozika na kutafuta unga. Nilimjibu kwamba watoto wanaozika pamoja nasi ndio wanaoitazama. Tena hadithi yenyewe, safari hii, inagusa swali ambalo katika Kivu limemwaga damu nyingi: mgeni ni nani, na anapokelewa mpaka wapi?

Kwa wasomaji wasioifahamu vizuri familia hii ya simba, tuanze mwanzo. "Le Roi Lion" ya kwanza, ile ya katuni iliyochorwa kwa mkono, ilitoka mwezi wa sita 1994. Mfalme Mufasa anauawa na ndugu yake Scar. Mtoto wake Simba anadanganywa kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo cha baba, anakimbia, anakulia ugenini pamoja na Timon na Pumbaa, halafu anarudi kudai kiti chake. Waliotunga hadithi hii wamesema wenyewe kwamba walikuwa na Hamlet ya Shakespeare mbele yao, pamoja na habari za Yosefu na Musa. Mwaka 2019 kampuni ile ile iliitoa tena, chini ya uongozi wa Jon Favreau, karibu tukio kwa tukio, lakini safari hii wanyama walitengenezwa kwa kompyuta hata ukadhani ni simba wa kweli wa mbugani. Favreau mwenyewe alieleza kwamba katika sinema nzima kuna picha moja tu iliyopigwa kwa kamera mahali pa kweli: ile ya jua kuchomoza mwanzoni. Sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Kisha ikaja "Mufasa" ya Barry Jenkins, inayosimulia utoto wa yule mfalme na chanzo cha uadui wa ndugu wawili. Hiyo nayo imepita dola milioni 700.

Kwa nini wanarudia? Jibu la kwanza ni feza, na halihitaji uchunguzi. Watoto wa 1994 leo ni wazazi wenye mishahara, na kampuni inawauzia utoto wao mara ya pili, safari hii wakiwa wameshika mikono ya watoto wao. Si dhambi kutamani kuonja tena kile kilichotufurahisha. Lakini ile ya 2019, kwa maoni yangu, ilipoteza kitu katika biashara hiyo. Simba wa kweli hana uso wa kulia. Katika katuni ya zamani, mtoto Simba anapojificha chini ya mkono wa baba yake aliyekufa, kila mtu chumbani ananyamaza. Katika ile mpya manyoya yanapepea vizuri sana, na uso unabaki kama uso wa paka anayengoja chakula.

Utoto huu unaouzwa tena, kwetu una tarehe nyingine. Mwezi wa saba 1994, wiki chache baada ya sinema ya kwanza kutoka, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Goma kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu pembeni ya barabara. Mwaka 1998 kampuni ilitoa sehemu ya pili kwa kaseti za video. Mwezi wa nane wa mwaka ule ule vita vya pili vilianza kwetu. Na katika sehemu hiyo ya pili kuna simba jike kijana anayeitwa Vitani, na ndugu yake anaitwa Kovu. Waliotafuta majina huko California walifungua kamusi ya Kiswahili, wakaona maneno yanayopendeza masikioni. Sisi tulikuwa tunaishi ndani ya maneno hayo.

Majina yanastahili kusimamishwa kidogo, kwa sababu watoto wetu, tofauti na watoto wa Paris au Chicago, wanayaelewa. Rafiki ni rafiki. Pumbaa ni mtu aliyepumbaa. Fisi mkubwa anaitwa Shenzi, neno ambalo wazee wetu walitukanwa nalo wakati wa ukoloni, na mwaka 2019 sauti yake ilitolewa na Florence Kasumba, mwigizaji wa Ujerumani aliyezaliwa Kampala. Inchi ya ahadi katika sinema mpya inaitwa Milele, na mtoto aliyefundishwa Yohana 3:16 analisikia neno hilo kwa namna ambayo mtazamaji wa Marekani hawezi. Naye mwana wa mfalme, yule atakayegeuka kuwa adui, anaitwa Taka, yaani kitu cha kutupa jalalani. Mtoto gani anaweza kukua vizuri na jina hilo?

Hata neno simba lenyewe. Kwa vijana ni Disney, au labda timu yetu ya taifa, iliyoitwa Simba kwa miaka kadhaa kabla ya kurudia jina la Leopards mwaka 2006. Kwa wazee wa Kisangani na sehemu nyingi za mashariki, Simba ni 1964: waasi waliouteka mji huo, ulioitwa bado Stanleyville, mwezi wa nane, na miezi ya hofu iliyofuata. Daktari Paul Carlson, mmisionari wa Kiprotestanti, aliuawa pale tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964, na pamoja naye tunawakumbuka waamini wengi Wakongomani ambao majina yao hayakuandikwa kwenye magazeti ya Ulaya. Bibi mmoja wa kanisa letu, wajukuu wanapoita "Simba! Simba!" uani, anaingia ndani na kufunga mlango. Wajukuu wanafikiri hapendi kelele.

Kuna pia habari ya "hakuna matata". Wakati wa kutoa sinema ya kwanza, kampuni iliomba maneno hayo yaandikishwe Marekani kama alama yake ya biashara kwa mavazi, na mwaka 2003 ikapewa. Mwishoni mwa 2018, sinema ya pili ilipokaribia, mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha barua ya kupinga, na watu zaidi ya 100,000 wakaitia sahihi. Tuseme ukweli: alama hiyo haimkatazi mtu yeyote kusema hakuna matata, inahusu kuuza fulana Marekani. Hasira ilikuwa juu ya jambo jingine, na wimbo wa simba aliyelala msituni unalieleza vizuri zaidi. Aliyeutunga ni Solomon Linda, Mzulu wa Afrika Kusini, aliyeurekodi mwaka 1939 kwa jina "Mbube". Aliuza haki zake kwa shilingi 10, akafa maskini mwaka 1962, huku wimbo ukizunguka dunia kwa majina mengine na mwisho ukaingia katika "Le Roi Lion". Binti zake waliishi Soweto katika umaskini mpaka kesi ilipofunguliwa mwaka 2004, na mapatano yakafanywa mwaka 2006. Nyumba ya Simba ilipokea wimbo, ikamwacha mwenye wimbo mlangoni. Lebo M, aliyetia sauti za Kizulu mwanzoni mwa sinema ya 1994, yeye alipita mlango huo: alikuwa kijana wa Soweto aliyeishi uhamishoni wakati wa ubaguzi wa rangi.

Sasa hadithi yenyewe. Najua makanisani kwetu onyo linalosikika zaidi ni juu ya Rafiki na fimbo yake, na juu ya baba aliyekufa anayetokea mawinguni kuzungumza na mwanawe. Onyo hilo si la bure. Sisi ni watu tunaohangaika kila siku na swali la wafu na mizimu, na mtoto akiambiwa kwamba wafalme waliokufa wanamwangalia kutoka kwenye nyota, mzazi Mkristo ana la kumweleza. Afanye hivyo kwa dakika tano, na bila kelele. Lakini nimeshuhudia mahubiri ya saa nzima juu ya fimbo ya Rafiki, na hakuna neno hata moja juu ya fisi. Nadhani tulikuwa tunalinda mlango wa mbele wakati wezi wako jikoni.

Wengine wanalaumu "hakuna matata" kwa sababu inafundisha uzembe. Hapo sinema inaonewa. Kwetu neno matata lina uzito: kuna matata ya shamba, matata ya ndoa, matata ya vita. Mtu wa Bukavu akikuambia hakuna matata, anakujibu swali la kweli. Na katika hadithi, wimbo huo ni wimbo wa mkimbizi asiyetaka kukumbuka. Simba ananenepa kwa wadudu huku kwao nyasi zinakauka na mama yake analala njaa. Ni Musa kule Midiani, anachunga kondoo za mkwewe, mpaka jina lake linapoitwa. Hadithi yenyewe inamhukumu Simba kwa miaka ile ya kusahau, na vijana wetu walioko mbali, waliobadilisha namba za simu ili ndugu wasiwapate, wanaelewa vizuri kuliko mhubiri.

Udhaifu wa hadithi ya zamani uko penye damu. Simba anarudi kutawala kwa sababu ni mwana wa mfalme; hakuna sababu nyingine inayotolewa. Aliyezaliwa juu ya mwamba ni wa juu, aliyezaliwa kwenye makaburi ya ndovu ni wa huko. Na hapa ndipo "Mufasa" inapofanya jambo ambalo sikulitazamia kutoka kwa kampuni inayofuata feza. Inatuambia kwamba yule mfalme mkuu, baba wa ukoo wote, hakuwa wa damu ya kifalme hata kidogo. Alikuwa mtoto aliyechukuliwa na mafuriko, akatengwa na wazazi wake, akafika katika kundi la watu wengine akiwa peke yake. Mfalme wa pale, Obasi, hamtaki: huyu ni mpotevu, hana kwao, atatuletea balaa. Anayemwokoa majini ni Taka, mwana wa mfalme, pamoja na mama yake Eshe. Obasi anaamua watoto hao washindane mbio ili ijulikane kama mgeni atabaki au atakufa, na Taka anapunguza mwendo makusudi ili mwenzake ashinde, kwa sababu siku zote alitamani kuwa na ndugu.

Mama Eshe anamlea kama mwanawe. Mufasa anawekwa upande wa majike, kwa dharau, na kule upande wa dharau anajifunza kuwinda, kusikia udongo, kunusa upepo, mambo ambayo Taka, aliyelala kivulini pamoja na baba yake, hajifunzi. Nilipofika hapo nilisimamisha simu. Nyumba ngapi za Goma, Bukavu, Uvira na Butembo zina leo Mama Eshe wao? Shirika linahesabu waliomo kambini. Mtu aliyepokelewa katika nyumba ya ndugu wa kanisa hahesabiwi vizuri, na aliyempokea hapewi hata sabuni. Chungu kile kile, watu mara mbili. Sinema haina nia ya kuwasifu akina mama wa Kivu, lakini imewasifu.

Kisha wivu unaingia. Simba weupe, wakiongozwa na Kiros, wanashambulia. Taka anaogopa na kukimbia, na Mufasa anasimama. Wawili wanatorokea safari ya kutafuta Milele, wanakutana na Sarabi, na Sarabi anampenda Mufasa, wala si Taka. Yule aliyemwokoa mgeni anaona sasa kwamba mgeni amepata sifa, amepata mke, atapata na kiti. Anakwenda kwa Kiros na kumwonyesha njia.

Walimu wa Ekodim wanaotafuta mfano wa Biblia mara nyingi wanakimbilia Kaini na Abeli. Mimi napendekeza Yonatani. Yeye alikuwa mwana wa mfalme, kiti kilikuwa chake, na mchunga kondoo wa Bethlehemu alikuwa anakichukua mbele ya macho yake. Yonatani akavua vazi lake, akampa Daudi pamoja na upanga, upinde na mshipi. Taka ni Yonatani aliyeshindwa. Na tusiseme haraka kwamba alishindwa kwa sababu ya baba mbaya, ingawa kweli Obasi alimfundisha kwamba mfalme anatawala kwa udanganyifu. Sauli naye alimtukana Yonatani na kumrushia mkuki kwa ajili ya urafiki ule. Wote wawili walikuwa na baba waliowafundisha kuhesabu kiti. Mmoja alikataa hesabu.

Mambo haya si ya sinema tu katika inchi yetu. Mtu aliyempokea mgeni kwa moyo wote anaweza kumchukia mgeni akifanikiwa. Nimeliona katika mabaraza ya makanisa: ndugu aliyekuja bila kitu tulimpa chumba, tulimpa jembe, tulilia pamoja naye; siku alipochaguliwa kuwa shemasi, maswali yakaanza juu ya kijiji cha babu yake. Tunampenda mgeni akiwa chini. Sheria ya Musa inarudia tena na tena kwamba Israeli wamtendee vema mgeni kwa sababu wao wenyewe walikuwa wageni Misri, na Ruti Mmoabu anapokelewa shambani kwa Boazi hata anaingia katika ukoo wa Daudi. Wanaosoma kitabu cha Ruti wanapenda shamba na masuke. Ule ukoo mwishoni wanaupita haraka.

Mwisho wa "Mufasa" ndipo paliponisumbua zaidi, na sijaona wengi wakipaongelea. Taka, dakika ya mwisho, anajirudi na kumwokoa Mufasa, na katika kufanya hivyo anapata lile kovu usoni. Mufasa, sasa mfalme, hamfukuzi. Atakaa Milele pamoja na wengine. Lakini anatangaza kwamba jina lake hatalitamka tena kamwe. Basi yule ndugu anachagua kuitwa Scar, yaani Kovu. Sinema inalionyesha jambo hili kama huruma ya mfalme mwenye haki. Lakini sisi tunajua kinachofuata, kwa sababu tuliona sinema ya 1994: mtu aliyeachwa akae nyumbani bila jina aliishi miaka akihesabu, na mwisho akamsukuma ndugu yake bondeni chini ya kwato za nyumbu.

Katika vijiji vyetu wapo vijana waliotoka katika makundi ya silaha. Wengine walichukuliwa wakiwa na miaka kumi na miwili. Wamerudi, wameungama mbele ya kanisa, wamewekewa mikono. Wanaruhusiwa kukaa. Lakini mtu haitwi tena kwa jina alilobatizwa nalo. Anaitwa kwa jina la kundi lake, au anaitwa tu "yule wa porini". Mama zao wenyewe wanasitasita kuwatuma dukani. Wasichana ni vibaya zaidi, kwa sababu wamerudi na watoto, na watoto hao nao wana jina lao ambalo sitaliandika hapa. Tunasema tumewasamehe, na kwa sehemu ni kweli. Tunafanya kama Mufasa.

Bado fisi. Katika sinema ya 1994 na ile ya 2019 wanaishi mahali ambapo jua la ufalme halifiki, wana njaa, na wakiingia tu katika inchi ya simba mvua inakatika na nyasi zinakufa. Hakuna fisi anayefikiri kwa namna nyingine. Uovu wao ni wa kuzaliwa, kama madoadoa yao. "Mufasa" imepunguza fisi, ikaweka simba weupe mahali pao, na inasema kidogo kwamba walifukuzwa na makundi yao kwa sababu ya rangi yao. Halafu inaisahau sababu hiyo na kuwatumia kama kundi la wauaji mpaka mwisho. Sehemu ya pili ya 1998, ile ya kaseti, isiyosifiwa na wataalamu, ilikuwa na ujasiri zaidi: ilimalizika kwa simba waliofukuzwa kurudi nyumbani, kwa sababu binti ya Simba alimwonyesha baba yake kwamba wale ni sawa na sisi. Na katika mfululizo wa televisheni wa watoto, "The Lion Guard", yupo fisi mwema, jina lake Jasiri. Lakini zile sinema kubwa, zinazofika hadi kwenye simu za Kivu, hazijamkaribisha Jasiri.

Mtu atasema ni wanyama tu, fisi ni fisi, hata babu zetu waliwatungia hadithi za ulafi. Ni kweli, na sitaki kuwanyima watoto fisi wa hadithi za bibi. Ila sisi tunaishi jirani na mahali ambapo mwaka 1994 redio iliita watu mende, miezi na miezi, mpaka jirani akachukua panga. Na kwetu pia, katika simu hizi hizi zinazobeba "Mufasa", zinapita sauti za watu wanaowapa jirani zao majina ya nyoka na wadudu. Mtoto anayejifunza kwamba kuna kundi lisilo na mtu mwema hata mmoja, amejifunza jambo kubwa, hata kama alicheka wakati wa kujifunza.

Katika Ekodim hatukupiga marufuku mchezo wa mawe. Jumapili moja niliwaomba wabadilishane: aliyekuwa Mufasa awe fisi, na mmoja wa watoto wa vyumba vya darasa apande juu. Ilikuwa vurugu. Mfalme mpya, mvulana wa miaka tisa anayesema kidogo sana tangu alipofika, alisimama pale juu bila kunguruma. Niliwauliza: mvua ikinyesha, fisi wanakwenda wapi? Hakuna aliyejibu. Halafu yule mvulana akasema kwamba wanaweza kuja upande huu wa mwamba, penye kukauka, lakini wasiguse nyama. Msichana mmoja akasema hapana, waguse kidogo. Mwingine akasema Shenzi abadilishwe jina kwanza. Walianza kubishana, wengine kwa Kiswahili, wengine kwa lugha za nyumbani, na nilipofunga mlango wa kanisa saa nane bado walikuwa hawajapatana jina.